Behewa la Wageni

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Leo nimejiahidi kukueleza yote, mazuri na mabaya, kwa sababu Mama huandika mazuri tu. Sisi hatujambo. Goti la Mama limepoa, na mdogo wangu ameota jino lingine la mbele, anatuuma kwa furaha. Habari za huko? Unakula vizuri?

Sasa mabaya. Tangu waondoe treni ya asubuhi na ya jioni, na wewe wakuhamishie njia kuu, imebaki ile ya mchana tu, ambayo haimfai mwanafunzi wala muuza maziwa. Naenda shule kwa baiskeli ya jirani yetu, Fundi Cherehani. Nafika masomo yamekwishaanza, soksi zimejaa vumbi. Mwalimu Mkuu ameniambia kwa upole kwamba atanivumilia mpaka mwisho wa muhula. Baada ya hapo, Mama anasema nitahamia shule ya hapa karibu. Ni shule nzuri, Baba, lakini haina maabara, na bila maabara sitafanya mtihani wa kemia. Nililia, ila nilikuwa naosha vyombo, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Wanasema waliondoa treni kwa sababu ilikuwa ikienda tupu. Mbona mimi nilikuwa nasimama kila siku?

Binti yako


17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, na chakula nakula. Nashukuru umeniambia yote. Barua za mama yako huwa zimechujwa kama chai.

Kazi ya njia kuu ni nzuri, sitakudanganya. Treni ni ndefu, reli imenyooka, na nikivuta honi inasikika mpaka ng'ambo ya kilima. Chumbani tuko madereva wawili. Mwenzangu anakoroma mpaka vikombe vinacheza mezani. Ila tunapita vituoni kwa kasi. Sura za watu sizioni.

Hilo la treni tupu nami limenikaa rohoni. Dereva yuko mbele, ya nyuma hayaoni. Wale wakubwa waliokuja kukagua asubuhi ile, walikaa behewa gani? Nani alikaa nao? Nieleze ulivyoona, usitie chumvi.

Na kemia usiiache. Muhula haujaisha.

Baba yako


25 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo tena. Pole kwa vikombe. Sisi wazima, isipokuwa mdogo wangu ana mafua. Chumvi sitatia, ila naona haya kidogo kukueleza.

Wakubwa walikuwa watatu. Walitutangulia stesheni, wakakaa behewa la nyuma, suti zimenyooka na kalamu mkononi. Sisi tulipofika tulitaka kuingia humo kama kawaida, Mama Ndoo, yule muuza maziwa, akatuzuia mlangoni. "Nyie watoto, hamuoni wageni? Waacheni wapumue. Twendeni mbele."

Basi tukajazana behewa la mbele, wakubwa kwa wadogo. Vituo vilivyofuata ikawa hivyo hivyo. Tuliwaita watu kutoka dirishani, "Huku, huku, kule kuna wageni," nao wakaja huku. Fundi Cherehani alisafiri mguu mmoja ndani, mwingine sijui ulikuwa wapi. Hata Bwana Tiketi, mkaguzi wetu, alipita kule akinyata asije akawasumbua. Mjini tuliwangoja washuke kwanza, waingie kwenye gari lao, ndipo tukashuka. Nafikiri waliamini kuwa na la mbele liko tupu kama la kwao.

Nilipomsimulia Mama, aliweka sufuria chini. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Huyu mgeni kaja, mwenyeji kakosa treni."

Lakini Baba, ilikuwa ni adabu tu. Tungefanyaje?

Binti yako


10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mpe mdogo wako pole. Nimecheka mpaka mwenzangu akaniuliza kama kuna harusi. Halafu nikaacha kucheka.

Adabu si kosa, lakini heshima si utumwa. Mwambie Mama Ndoo aende na Bwana Tiketi ofisi ya reli mjini, waeleze mlivyofanya bila kuona haya, na waombe wakubwa wapande tena saa ile ile ya watu kwenda kazini. Safari hiyo mtu asisogee. Mgeni aonje mnachokula.

Nimeitwa, treni inaondoka.

Baba yako


14 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za kazi? Sisi hatujambo, mafua yamekwisha. Nimekaa kimya kwa sababu sikutaka kukutumia matumaini mabichi. Sasa yameiva kidogo.

Mama Ndoo hakuzunguka. Alimwambia mkuu wa ofisi, "Tuliwaheshimu, mkatunyang'anya treni." Mkuu aliuliza mara mbili kama ni kweli tulihama behewa kwa ajili yao. Kisha akakubali treni ya majaribio kwa wiki moja, na Jumatatu akapanda mwenyewe. Dereva alikuwa wa kuazima. Alitutupa kila kona.

Ilikuwa vigumu, Baba. Siku hiyo nilikuwa nimebahatika kupata kiti, na mkuu alipoingia akitazama huku na huku, miguu yangu ilitaka kusimama yenyewe. Mama Ndoo akanibana bega. "Kaa. Wewe una mtihani." Akamgeukia mgeni. "Nafasi ipo, baba, ya mguu mmoja. Na kama mkono ni mtupu, nishikie hii." Akampa ndoo ya maziwa.

"Usiitikise, mzee," Fundi Cherehani akamwambia kutoka kwapani mwa mtu. "Itakuwa siagi, na siagi hakuna aliyeagiza."

Mkuu alicheka. Vituo viwili mbele hakuwa na nafasi ya kuchekea. Mjini alishuka kiatu kimelowa maziwa, akasimama jukwaani akitutazama tukishuka mpaka mtu wa mwisho.

Jana limebandikwa tangazo stesheni: treni ya asubuhi na ya jioni itarudi muhula ukifunguliwa. Mama alilisoma, akaja nyumbani akaipiga pasi sare yangu ingawa tuko likizo. Lakini chini kuna sharti. Lazima apatikane dereva atakayekubali kuishi huku kwetu, mwisho wa njia. Asipopatikana, treni haianzi. Bwana Tiketi anasema hakuna aliyeomba mpaka sasa. Ng'ombe wanalala relini, mwendo ni wa kobe, na dereva akishazoea njia kuu harudi nyuma.

Mama amenikataza kukubembeleza, na sikubembelezi. Mtu kuipenda kazi yake ni jambo jema. Ukibaki huko nitahama shule, na sitanuna. Barua hii anakuletea Bwana Tiketi mwenyewe, naye atangoja palepale uandike jibu. Kwa hiyo nakuuliza kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima: wewe mwenyewe, Baba, unataka kurudi?

Binti yako