Joto la Ndani ya Tuta

Deo, mume wangu mdogo,

Marahaba. Hapa Izia hatujambo, ila babu yako ana wivu kwamba barua ilikuja kwa jina langu.

Unauliza kama naamini kweli vijidudu vya kwenye tope, huko maabara kwenu, vinawasha taa. Naamini.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, nimetoka Kirando kwenye dagaa, sijui jembe. Ndiyo ilikuwa miaka ile soko huria limeingia na mbolea ya dukani haishikiki kwa bei. Mama mkwe akasema tufukie majani ndani ya matuta, kama zamani. Mimi niliona tunazika magugu tu, tutakufa njaa. Nikanuna.

Asubuhi moja ya baridi akaniambia, "Hebu ingiza mkono kwenye tuta."

Nikaingiza. Joto kama chini ya kuku anayeatamia! Nikauchomoa mbio.

"Mama, humu mna kitu hai!"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Wanapika. Usiwafunulie sufuria."

Ulezi wa matuta yale tulikula mpaka tukagawia majirani.

Sasa wewe, huko maabara, umeshawafunulia sufuria wapishi wale wale. Basi wasalimie, uwaambie ulezi ulikuwa mtamu.

Bibi yako