Kaunta Buku Mbili

Jumatatu, 6 Juni 1994
Vumbi la malori ya kambi ya wakimbizi ya Benaco limeingia mpaka kwenye uji. Katika kaunta buku yangu nimeandika kurasa mbili za kitabu cha mashahidi wa imani, sura ya waliosalimisha vitabu: Wakristo wa kale waliowapa askari wa Kaisari Maandiko ili wasiuawe. Miaka kumi na moja nafundisha historia hii seminarini, na bado nawadharau. Waoga tu.

Jumatano, 8 Juni
Katekista Venansi kaja kutoka kambini. Mwezi uliopita nilimgawia kaunta buku moja katika zangu. Kaijaza: majina ya waliouawa parokiani kwake Rwanda, na ya waliowaua. Wauaji wapo Benaco hapo hapo, mahema machache kutoka lake. Kaomba nimfichie. Ningekataaje, mimi bingwa wa mashahidi? Nimeiweka kabatini juu ya yangu. Jalada jeusi, mgongo mwekundu, zote mbili. Sijala.

Ijumaa, 10 Juni
Mtu kapita mara mbili mbele ya nyumba. Koti zito, jua lote hili. Nimefunga madirisha mchana. Jirani, Mama Jeni, kauliza kama naumwa. Nimesema malaria. Naogopa.

Jumamosi, 11 Juni
Wamekuja. Saa nne asubuhi. Mwenye koti kaingia, mwenzake kabaki mlangoni akikwangua viatu kwa panga langu la shambani. "Shikamoo mwalimu." Nikajibu marahaba. "Kitabu ya Venansi. Unapatia sisi, tunaenda."
Sikubisha hata kidogo. Nilivuta kaunta buku nikampa. Akapekua, kidole kikifuata majina, akiyatamka: Felisita, Saturnini, Sikundo. Akaguna. Wakaenda.
Nimemsaliti Venansi.

Jumapili, 12 Juni
Misa sikwenda. Mchana nimefungua kabati. Iliyobaki ni ya Venansi! Jana, kwa haraka, nilivuta ya chini. Imekwenda yangu, miaka kumi na moja, orodha yote ya mashahidi wa kale. Kiswahili chao ni cha sokoni, kukisoma hawawezi. Waliona majina ya ubatizo tu, na wafu wa parokia ya Venansi wanaitwa hivyo hivyo. Nimecheka, kisha nikalia. Wakipata wa kuwasomea, watarudi.

Jumanne, 14 Juni
Venansi kapata lori la kumfikisha Lusahunga, halafu Nyakanazi na mbele zaidi. Kaja kuchukua daftari lake. Nilimwambia yangu imechukuliwa. Kanishika mikono yote miwili. "Mungu akurudishie, mwalimu. Umetoa kazi yako kwa ajili ya wafu wetu."
Nilitaka kumwambia kwamba nilidhani nimetoa lake. Nimemfungia chai na mihogo ya njiani. Sikumwambia.

Jumatatu, 20 Juni
Hawajarudi. Kila buti likipita barabarani nasimama.
Nimenunua kaunta buku mpya. Nimeanza na sura ile ile, ya waliosalimisha vitabu. Nimefika ukurasa wa pili. Neno waoga sijaliandika.