Picha ya Mgongo wa Mama

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Kile kikohozi cha baridi kimekuacha? Sisi hatujambo, ila mgongo wa Mama ni uleule. Akiinuka kwenye cherehani hushika meza kwanza, kama mtu anayepanda kutoka shimoni.

Nilifurahi ulipoanza kusomea ergonomia. Niliwaeleza wenzangu, mimi nisiyenyoosha hata mkono darasani, kwamba ni elimu ya kuifanya kazi ifuate mwili wa mtu, si mwili ufuate kazi.

Uliniomba picha ya Mama akishona. Aliponiona na simu alijinyoosha, akafunga kitambaa chake upya. Nikamwambia, "Kaa kama kawaida, Mama. Mjomba anataka kukutengenezea kiti." Akainama. Aliniamini.

Juzi yule jirani fundi wa vifungo aliingia na simu yake, vigelegele mdomoni: "Shoga, umekuwa staa! Mdogo wako kakutundika chuoni!" Ilikuwa picha ya maonyesho yenu. Kiti kizuri, jina lako chini yake, na pembeni Mama, uso wazi, mstari mwekundu umepita mgongoni. Wote wakanigeukia niwasomee yale maneno ya kigeni, si mimi ndiye mwenye lugha mbili?

Mjomba, uliandika: "Mfano wa mkao mbaya. Mfanyakazi asiyejua kuutumia mwili wake."

Nikasema, "Wameandika, 'Fundi hodari.'"

Mama alicheka hadi akajifuta machozi. "Si niliwaambia? Yule nimembeba mimi, mgongoni!"

Hapo ndipo uliponichoma. Hajui kuutumia mwili wake, na wewe ulilala juu ya mgongo huohuo yeye akishona? Na kiti chake kiko wapi? Nilikuwa nasikia tu kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Sikudhani kingekuwa wewe.

Sasa anataka picha ichapishwe, itundikwe juu ya cherehani wateja waione. Msumari ameshaupigilia. Na wateja wengine wanaisoma lugha hiyo, Mjomba.

Iondoe. Halafu mpigie, umwambie kwa mdomo wako ulichoandika, kabla hajaambiwa na mtu aliyekuja kupunguza suruali. Mimi sitakutafsiria tena.

Bibi anakusalimu, na fundi wa vifungo pia. Siku hizi anakuita profesa. Mungu akulinde huko, na moyo wako aulainishe.

Mpwa wako, anayekupenda, ndiyo maana anaumia.