Nyota Mbili za Mwalimu Evanthia

Volos, 14 Julai

Mwanangu Stamatia,

Hujambo? Za ofisini huko Thesaloniki? Mimi mzima, ila goti linanisumbua, na joto limefika nyuzi arobaini na mbili. Mchana sikuthubutu kutoka, nikaagiza mishikaki na kahawa kwa simu. Aliyeleta ni Sotiris fulani, mtu mzima wa miaka hamsini hivi. Kachelewa dakika ishirini, na kahawa nusu imemwagika. Akaomba radhi huku anahema mlangoni. Nikampa nyota mbili kati ya tano kwenye simu. Miaka thelathini nimesahihisha hesabu, asiyesahihishwa atajifunzaje?

Mama yako

Thesaloniki, 16 Julai

Mama, shikamoo.

Goti lipake dawa. Mengine sitauliza, nina hasira.

Kwenye jua hilo wewe hukuthubutu kutoka, yeye ukamwita apite humo humo. Ukamwona anahema. Maji ulimpa? Kiti je? Ulimpa nyota! Zile si alama za daftari, Mama. Mbili zikiingia, mashine ya kampuni inamnyima zamu au inamfuta kabisa, na hana mtu wa kumlalamikia. Wiki jana bibi mmoja hapa kaniambia nimechelewa, nami kiwiko kinatoka damu kwa kuanguka. Kaangalia chakula chake kwanza.

Ndiyo, mimi. Ofisi yetu ilifungwa Februari. Tangu hapo nasambaza vyakula kwa pikipiki. Nilikuficha kwa sababu najua unavyotuita: "hao wa mlangoni". Basi binti yako ni wa mlangoni.

Stamatia

Volos, 29 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Kiwiko kimepona? Simu zangu hupokei, naandika.

Nilikwenda mgahawani kuuliza. Sotiris kafutwa. Nikaipigia kampuni, mashine ikanishukuru kwa maoni yangu. Mpishi akanielekeza nyumbani kwake. Alifungua mkewe.

"Ni mimi niliyempa mbili," nikasema.

Akanitazama juu mpaka chini. "Kumbe miguu unayo," akasema, akafunga mlango.

Jana adhuhuri Olimpia wa ghorofa ya nne kaagiza kahawa. Nikamweka mletaji kivulini, nikampa maji, nikaipandisha kahawa mwenyewe. Nikamwambia Olimpia, "Kesho shuka ukanunue." Akaniita mwehu, majirani wakatoka. Nikasimama kwenye ngazi nikasema binti yangu husambaza vyakula kwa pikipiki, na nikasema kwa sauti ya darasani, jengo zima lisikie.

Njoo Agosti. Ukiwa bado umekasirika, njoo hivyo hivyo.

Mama yako