Yah: Binti Aliye Njiani

Jumanne, 3 Machi 1981
Imebaki stensili moja ya kuchapia masomo ya darasa langu. Nimebana herufi: juu mfano wa barua rasmi ya kuomba kazi, chini hadithi. Binti anatembea kutoka Mbulumbulu kwenda Digodigo, mzigo wa nguo kichwani. Maneno mepesi ya Kiingereza. Anatembea. Anaona pundamilia. Anakunywa maji. Wanafunzi kumi na wanne, watu wazima wote, udongo wa shamba bado mikononi. Ukungu uliingia kwa dirisha lisilo na kioo, tukasoma ndani yake kama watu waliozama kwenye maziwa.

Alhamisi, 5 Machi
Nilikaa niandike sentensi sita za wakati uliopita. Zikaja kurasa tatu. Binti amevuka msitu, amelala kwenye boma la watu asiowajua, wamempa kona karibu na ndama. Simsukumi. Kalamu inamfuata tu. Sijampa jina. Jina lake nalijua.

Jumanne, 10 Machi
Binti amenyeshewa, amejikinga chini ya mwamba. Nikaishia hapo. Tluway, mkulima wa ngano, hukaa mbele kwa sababu hasikii vizuri. Akauliza kwa Kiingereza, polepole, kila neno kama anapanda nalo kilima: "Mwalimu, kwao wanajua aliko?"
Darasa zima likaniangalia. Nikasema muda umekwisha. Haukuwa umekwisha.

Jumatano, 11 Machi
Niandike wazi. Binti ni mdogo wangu, Veronika. Miaka sita iliyopita aliondoka na kijana wa Digodigo. Baba akakataza jina lake lisitajwe nyumbani. Vero alinitumia barua moja, akiniomba nimsemee kwa Baba. Sikumsemea. Sikumjibu. Mimi, ninayefundisha watu kujibu barua. Nilimwogopa Baba, basi. Baba alifariki mwaka juzi. Bado sijaandika.

Alhamisi, 12 Machi
Amekuja mkaguzi wa elimu ya watu wazima. Kashika karatasi yangu kwa vidole viwili. Hadithi za nini? Watu wanataka kazi kwenye hoteli za kreta ya Ngorongoro, wafundishwe barua. Karatasi ni shida nchi nzima. Hadithi zikome, la sivyo darasa litafungwa. Nikajibu, "Sawa, bwana." Moyoni nilipata nafuu. Hilo ndilo linaloniaibisha.

Jumanne, 17 Machi
Barua tupu. Anwani kulia, tarehe, yah. Darasa limepoa. Lemayani, mfugaji anayetoka kwao Ngorongoro alfajiri ili awahi kipindi cha saa kumi, alipiga miayo bila kujificha. Nikawapa zoezi: andika barua rasmi, omba kitu unachokihitaji kweli.

Alhamisi, 19 Machi
Nimesahihisha. Watatu wameomba kazi hotelini. Mmoja ameomba mbegu. Kumi wameniandikia mimi.
Ya Lemayani, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: "Mama Mpendwa. Yah: Binti aliye njiani. Kwa heshima naomba umfikishe. Sisi ng'ombe akipotea tunamfuata mpaka tumwone, hata akiwa mzoga. Huyu umemwacha kwenye mvua siku tisa. Wako mtiifu."
Makosa manne ya sarufi. Nilishika kalamu nyekundu, nikashindwa. Nimelia juu ya daftari la mtu.

Jumapili, 22 Machi
Nimeandika. Si Kiingereza, si Kiswahili. Kiiraqw chetu cha jikoni. Hakuna yah. Vero, Baba alifariki. Mama anakutaja kila akipika. Nilikukosea. Bado uko huko?
Gari la misheni linapeleka dawa Sale, karibu na Digodigo, kesho. Dereva ametia bahasha kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Jumanne, 31 Machi
Mvua. Njia imekatika, gari halijarudi. Nafundisha huku niko mbali. Leo niliandika ubaoni "ninasubiri jibu lako" na mkono ukabaki hewani. Nje ngano ilikuwa ikipumua. Au nilidhani.
Naogopa kwamba amekufa. Naogopa pia kwamba yu hai na hataki kunijua.

Jumanne, 14 Aprili
Dereva amerudi, tope mpaka kwenye kofia. Jibu ni nusu karatasi, penseli:
"Dada Martha. Kuhusu Baba nilisikia kwa watu, sio kwako. Nilikuwa na hasira na bado ninayo. Nina watoto wawili. Siwezi kuja, zamu yetu ya maji shambani imefika. Njoo wewe."
Nimeisoma nimesimama. Kisha nikaenda darasani nikawasimulia mwisho kwa mdomo, bila karatasi: binti alifika, alikuwa amefika siku nyingi, aliyechelewa ni dada yake. Tluway aliomba nirudie kwa sauti zaidi. Nikarudia. Lemayani aliitikia kwa kichwa, akasema, "Sasa huyo dada naye aondoke."

Jumatatu, 20 Aprili
Digodigo. Nimefika jana jioni, sehemu ya mwisho kwa miguu. Vero amenenepa. Hakunikumbatia, alinitengea chakula. Asubuhi tumeenda shambani kabla jua halijashika. Maji yanakuja kwenye mfereji taratibu, yanasukuma majani makavu mbele yake. Yeye anafungua huku, anaziba kule. Watoto wake wananitazama kwa mbali.
Muda si mrefu amenipa jembe la pili, akanionyesha mstari wa viazi.
"Anzia pale," akasema.
Napumzika kidogo, naandika. Mikono imeanza kuchubuka. Yeye bado analima.