Chini ya Kitokezo cha Dohani

Hancock, Michigan
9 Septemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mapafu yanasemaje huko kwenye jua la Arizona? Natumaini shangazi Elvi hakunyimi kahawa. Sisi huku wazima, ila Tilda bado anakohoa, na tangu azaliwe, miezi mitano sasa, sijalala usiku mmoja mzima. Onni ametimiza miaka mitatu na anajibu kama mzee. Mume wangu Darrel yuko melini, anabeba madini; atarudi ziwa likiganda.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu husikii, halafu unajibu maswali ambayo sikuuliza.

Ni habari ya dohani. Nyumba hii uliijenga mwenyewe, kwa hiyo unakijua kile kitokezo cha ukuta wa sebule, kijumba kilichobeba meko na bomba la moshi. Kimejitokeza nje kama tumbo la mja mzito, hakigusi ardhi, na chini yake pako wazi tu. Upepo wa ziwani unaingia pale, unapenya sakafu na kutokea mbele ya meko, ndipo hasa wanangu wanapocheza. Januari iliyopita Onni alimwaga maji hapo. Nilipofika na kitambaa yalikuwa yameanza kuganda. Usicheke, Baba.

Daktari hakunipa dawa nyingine ya Tilda. Alisema sakafu ipate joto, basi.

Nataka kupafunga kabla ardhi haijaganda. Mwenyewe. Msumeno wa Darrel upo, na mikono ninayo. Nieleze nianzie wapi.

Binti yako,
Kirsi

*

Mesa, Arizona
20 Septemba

Mwanangu Kirsi,

Marahaba. Mapafu yanakwenda, yanarudi. Shangazi yako ananipa vikombe viwili kwa siku, cha tatu naiba. Niwekee mkono kifuani kwa Tilda, mwambie ni wa babu.

Kwa ajili ya mahali hapo mama yako alinisema miaka ishirini na sita. Kila mwaka nilimwambia kiangazi kijacho. Nilikuwa najenga nyumba za watu. Basi una haki ya kunisema na wewe.

Lakini una watoto wawili mkononi na usingizi huna. Mwachie kaka yako. Nimemwandikia Carl, atakuja Jumamosi moja ya mwezi huu. Mkumbushe jambo moja: kabla ya kufunga, akunje magazeti azibe uwazi wote, halafu angoje siku tatu. Magazeti yakikaa bila kuguswa, ndani hakuna mtu. Yakisukumwa nje, kuna mnyama, na mnyama hafungiwi ndani.

Wewe mchemshie kahawa tu.

Baba yako,
Arvid

*

Hancock
6 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Huku tunaendelea, ila nyumba inanuka, na utajua kwa nini.

Carl alikuja. Nikampa magazeti. Akayaangalia kama nimempa nepi chafu.

"Ya nini haya?"

"Baba amesema siku tatu."

"Baba yuko Arizona. Nimechungulia, hamna kitu."

Akaweka matofali mawili ya saruji juu ya udongo, akasimamisha nguzo mbili juu yake, akagonga kabari kati ya nguzo na kitokezo mpaka sakafu yangu ikalia. Halafu akapigilia mbao kuzunguka pande zote. "Haya," akasema, "hata ukiegesha lori humu ndani halishuki."

Nikamwuliza, "Na ardhi ikivimba kwa baridi?"

"Mdogo wangu, wewe shughulika na nepi."

Saa kumi alikuwa amemaliza. Akala mikate miwili ya nyama na viazi, akaenda zake.

Siku ya tatu nikasikia kukwaruza chini ya meko. Baada ya hapo ikaja harufu. Baba, mapazia nimeyafua mara nne. Nilimfunga Tilda mgongoni, nikachukua nyundo, nikang'oa ubao mmoja. Akatoka kicheche, mkia juu, akavuka bustani polepole kama mwenye nyumba. Onni akampungia mkono.

Nikapiga magoti nichungulie kama amebaki mwingine, na hapo ndipo nilipozitazama zile nguzo vizuri. Unalijua geti la bustani. Kila Aprili halifungiki, kwa sababu ardhi imeganda, imevimba, imenyanyua nguzo yake upana wa kiganja. Na nguzo za Carl zimesimama juu ya udongo uleule. Zikinyanyuka, zitasukuma kitokezo, na kitokezo ndiyo meko yangu, bomba langu na ukuta wa sebule ninapolaza watoto.

Nimezing'oa. Zote mbili, na mbao zote. Nimezipanga vizuri kando ya barabara. Carl amepita akaziona, hakusimama.

Nisamehe kwa kukuhangaisha.

Binti yako,
Kirsi

*

Mesa
17 Oktoba

Kirsi,

Natumaini watoto hawajambo.

Carl amenipigia simu, na alivyopiga kelele, hata mimi nilisikia. Miaka kumi na tisa anafanya kazi hii. Wewe umeifanya kwa siku ngapi? Umeing'oa kazi yake ukaianika barabarani majirani waione. Kuhusu kicheche alikosea, nimemwambia. Nguzo ni jambo lingine. Nguzo nimesimamisha maisha yangu yote, na nyumba zangu hakuna iliyoanguka.

Mwombe radhi kaka yako, umrudishie nguzo zake mahali alipoziweka. Theluji haingoji.

Baba yako

*

Hancock
2 Novemba

Baba,

Shikamoo. Kifua kikoje? Sisi tuko salama.

Nimemwomba Carl radhi kwa kuziweka mbao barabarani. Hilo nilikosa. Nguzo sijazirudisha, na sitazirudisha.

Kazi imekwisha. Nimeifanya watoto walipolala mchana, saa moja moja, siku kumi na moja. Niliziba kwanza kwa magazeti yako, nikangoja siku tatu, hayakuguswa. Nikalala chali chini ya kitokezo, nikajaza sufi ya kuzuia baridi kati ya mbao za sakafu yake, nikaifunika kwa plaiwudi na kuziba kila ufa. Macho yaliwasha siku mbili. Halafu nikatengeneza fremu kwa mbao zenye dawa ya kuzuia kuoza na kuikaza kwa skrubu kwenye kitokezo chenyewe, juu. Kuta zake zimening'inia, Baba. Hazikusimama. Kati yake na ardhi nimeacha vidole vinne. Chini nimemwaga kokoto, na uwazi nimeufunga kwa wavu wa chuma ulioingia ardhini, usiokazwa sana, ili ardhi ikitaka kupanda ipande bila kukuta kitu cha kusukuma.

Rangi ni ileile ya nyumba. Mama Salmi wa jirani alisimama na mbwa wake akauliza nimemwajiri nani. Nikamwambia. Akaniuliza tena.

Najua gari la Carl limeandikwa jina letu, Kangas na Mwana, si na Binti. Lakini nami nililelewa katika nyumba ya fundi, nilikushikia tochi mpaka nikasinzia. Hii ikiharibika, lawama niletee mimi.

Binti yako,
Kirsi

*

Hancock
20 Desemba

Baba,

Shikamoo. Hujajibu, na shangazi anasema huumwi, kwa hiyo najua ni hasira. Krismasi njema hata hivyo. Theluji imefika dirishani. Leo Tilda ametambaa mbele ya meko bila soksi. Wiki tatu hajakohoa.

Binti yako

*

Mesa
14 Aprili

Mwanangu Kirsi,

Salamu nyingi kwako, kwa Darrel, na kwa wajukuu zangu. Mimi mzima. Nilikaa kimya karibu miezi sita na sina sababu ya maana, kwa hiyo sitaitunga.

Carl hakukuambia, na hatakuambia. Baada ya wewe kung'oa nguzo zile, alikwenda kwake akafunga chini ya kitokezo cha nyumba yake kwa namna ileile, nguzo na kabari, ili siku moja akuonyeshe. Mwezi wa tatu ardhi ikanyanyuka. Ukuta wa sebule yake umepasuka kutoka kona ya meko hadi darini, na bomba la moshi limepinda. Moto wa meko wameuzima, hakuna aliyeumia. Mkewe Leena amenitumia picha. Nimeitazama siku nne.

Kabari nilimfundisha mimi. Nguzo zangu zote zilianzia futi nne chini, mahali ambapo baridi haifiki. Nilichimba alfajiri, kabla hajaamka kuja kazini. Alichokiona yeye ni nguzo iliyoshikamana juu. Sikumwambia cha chini. Nilidhani mtoto wa fundi anajua tu. Na mimi mwenyewe, ulipoandika matofali juu ya udongo, nilisoma kwa hasira, sikusoma kwa akili. Wewe uliuliza swali, tukakwambia nepi.

Umejenga vizuri kuliko ambavyo ningejenga mimi. Nimemsomea shangazi yako barua ya vidole vinne mara mbili, na mgeni mmoja wa kanisani naye hakuponyoka.

Sasa nakuomba: nenda ukamtengenezee kaka yako. Kuomba hawezi, unamjua.

Baba yako,
mwenye fahari

*

Hancock
18 Mei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi kifua kimetulia. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, Tilda kiunoni, uji ukaungua.

Ulichoniomba sikukifanya. Sikwenda. Nilimwambia Leena kwamba Jumamosi niko nyumbani, basi.

Carl alikuja Jumamosi mchana. Hakuingia ndani. Alizunguka ubavuni mwa nyumba, akapiga magoti kwenye tope, akapenyeza vidole chini ya ukuta wangu.

"Huku chini kinashikiliwa na nini?"

"Na kitu gani tena? Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Kimeshikwa juu. Chini ni wavu tu."

Akaendelea kupapasa. Onni akamwuliza, "Mjomba, umepoteza kitu?"

"Ndiyo," akasema. Halafu kwangu, bila kugeuka, "Kwangu utakuja lini?"

"Ukiniomba."

Akajipangusa magoti, akapangusa tena pale pasipo na tope. "Nakuomba, Kirsi."

Nikamwambia masharti: magazeti siku tatu, na kabari zibaki garini. Akacheka kwa pua kama wewe.

Jana nimeshinda kwao. Leena alimshika Tilda. Nguzo tulizing'oa pamoja, na zilipotoka, kitokezo kilishuka kwa mlio tuliousikia wote. Carl akaweka ubao wa kwanza wa fremu juu ya vigoda vya kukatia mbao, penseli sikioni, msumeno mkononi, miaka yake kumi na tisa yote imesimama pale. Akanitazama.

"Nikate wapi?"

Nikachukua penseli sikioni kwake, nikachora mstari. Akakata hapohapo.

Binti yako,
Kirsi