Nuruddin Hamza, Aliyesalimia Kabla ya Mkutano

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke Ijumaa ile asubuhi hapa nyumbani Bariadi. Mama yetu, Maua, bado anasonga ugali wa kukutosha na wewe, halafu anatugombeza kwamba hatuli.

Ulikuwa mtu wa spika. Harusi za Mwamapalala, maulidi, mikutano ya injili, mikutano ya vyama vyote: aliyehitaji sauti alikuja kwako, nawe hukumuuliza atasema nini. Msibani hukuchukua hata senti. Tulikutania kwamba unalipenda jenereta kuliko sisi, nawe hukukanusha.

Mafundi wengine hujaribu kipaza sauti kwa "haloo, haloo, moja, mbili". Wewe hilo lilikushinda. Ulikishika, ukakohoa kidogo, ukasalimia Kisukuma: "Mwadila!" Wazee wakaitikia, akina mama wakaicheka lafudhi yako ya mtu aliyejifunzia Kisukuma dukani. Ulifurahi kuchekwa, tunajua.

Salamu hiyo ndiyo iliyokuponza. Kule Ngulyati, ulipokwisha kusalimia, kijana Ngassa alizungumzia bei ya pamba na viongozi wasiotaka kuulizwa kitu, na mkutano haukuwa na kibali. Polisi wakamkamata, wakakukamata na wewe, spika zote zikachukuliwa kuwa vidhibiti vya kesi. Ngassa akashtakiwa kwa uchochezi. Wewe ukashtakiwa kwa kufungua mkutano usio halali, kwa kuwa sauti ya kwanza kusikika ilikuwa yako.

Tulikuwa na hofu mahakamani, lakini tulicheka ulipomjibu hakimu: "Mheshimiwa, watu wazima wamekaa pale wananitazama. Nianze na moja, mbili, tatu, kama nahesabu ng'ombe wao?" Hata karani aliinamisha kichwa.

Baadaye mpelelezi akakuomba, kwa upole kabisa, uwe shahidi. Useme Ngassa aliwatukana viongozi na kuwachochea watu, nawe ufutiwe kesi na urudishiwe vyombo vyako. Pamba ilikuwa imeshauzwa, harusi zimeanza, na wateja wako walikuwa wanakodi kwingine. Mama alikusihi jikoni, nasi tukisikia.

"Baba Muzdalifa, sema tu. Huyo mtoto si wako. Tutakula nini?"

"Hakutukana, Maua."

"Kwani nani atajua?"

"Mama yake alikuwa amekaa mbele kabisa."

Mama alikununia siku kadhaa. Wewe ukakaa barazani unatengeneza redio za watu, ukiimba kwa makusudi ili umchokoze, mpaka akakuletea chakula akakitua kwa kishindo. Hapo tukajua yameisha. Kwenda kwa mpelelezi hukwenda.

Presha ikakuchukua kabla ya hukumu. Maziko yalikuwa baada ya swala ya Ijumaa hiyohiyo, na vyombo vyako viko kituoni. Wewe uliyetangaza misiba ya mji mzima hukuwa na cha kukutangazia. Ngassa, aliyekuwa nje kwa dhamana, alichukua baiskeli akapita mtaa kwa mtaa akiita kwa mdomo mpaka sauti ikamkauka. Watu wa Ngulyati walikuja na lori la pamba. Mpaka adhuhuri barabara yetu ilikuwa haipitiki.

Vyombo vimerudi sasa, kwa kuwa marehemu hashtakiwi. Spika moja imetafunwa na panya. Muzdalifa anaitengeneza, na ubishi wako wote ameurithi. Lakini kesi ya Ngassa inaendelea. Kila inapotajwa mahakamani, Mama anajitanda khanga, anapanda bodaboda na kwenda kukaa benchi moja na mama wa kijana yule. Wanakula karanga pamoja wakimsubiri hakimu.

Juzi tulimwuliza Mama kama bado amekukasirikia. Alifuta macho kwa pindo la khanga. Kisha akasema: "Angesema vile walivyotaka, leo yule mwanamke ningemtazamaje usoni?"

Unakumbukwa na mkeo Maua. Wanao Muzdalifa na Hamza. Dada yako Zamda wa Lamadi, anayeshikilia kwamba ni wewe uliyevunja redio ya babu. Wajukuu, majirani, na Ngassa na mama yake, ambao sasa ni ndugu zetu.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Baba. Hututoki moyoni.